Dawa nne halali, na utitiri ukazidi: kisa cha shamba la mabiringani Mwakirunge

Shamba lina ukubwa wa robo ekari hivi, Mwakirunge, upande wa Kisauni, Mombasa, kando ya barabara ya vumbi ambayo malori hupita mchana kutwa. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyelima mchicha na mnavu kwa miaka mingi kabla ya kujaribu mabiringani. Sababu yake ilikuwa nzuri: mche wa biringani ukishika huchumwa kwa miezi kadhaa, na katika soko la Kongowea biringani halikosi mnunuzi, maana kuna majumba ya watu, kuna wauza bajia, kuna mahoteli. Lakini ilipofika Januari, kaskazi imekolea, majani yalikuwa yamegeuka rangi ya shaba, matunda yakawa madogo na magumu, na dalali aliyezoea kuja na mkokoteni akawa hapokei simu.

"Bwana shamba, nimepiga kila dawa," aliniambia. "Hata ile ya bei."

Alikuwa amepiga nne. Majirani walishaamua kwamba ameuziwa feki, na kweli dawa feki zipo na zinawaumiza wakulima wa nchi hii. Hapa hazikuwapo. Nilikwenda naye hadi agroveti alikonunua, nikaona makopo yenyewe: yana lebo, yale ya dawa za wadudu na kuvu yana nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, ile inayoanza na herufi PCPB, tarehe hazijapita. Shamba hili liliharibiwa na dawa za kweli zilizofanya kazi yake sawasawa, ila kazi hiyo haikuwa ile iliyohitajika. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kiandikwe kwa urefu.

Mambo yalianza na funza. Mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikinyemelea, vichomozo vya juu vya miche vilianza kunyauka kimoja kimoja. Ukikipasua kichomozo unamkuta funza ndani, na baadaye matunda nayo yakatoka na vitundu. Mama akaenda dukani akasema, "Mwanangu, nipe dawa ya funza." Kijana akampimia lambda-sihalothrini.

Hii ni dawa ya jamii ya pairethroidi, jamii inayotumika kuliko nyingi katika mboga za pwani. Asili yake ni pareto, ua ambalo Kenya iliwahi kuliuzia dunia kuliko nchi yoyote. Sumu ya ua lenyewe huvunjwa na jua kwa muda mfupi. Wanakemia walichofanya ni kutengeneza mfano wake unaostahimili jua na kukaa juu ya jani kwa siku nyingi. Huingia kwenye neva za mdudu, ikaacha wazi milango ambayo chumvichumvi za mwili hupitia, mdudu akatetemeka mpaka akafa. Kwa funza aliye nje ya tunda ni dawa kali. Tabu ni kwamba funza wa biringani hakai nje. Akianguliwa, baada ya saa chache tu amekwisha kutoboa na kuingia, na huko ndani dawa ya kugusa haimfikii. Kwa hiyo mama alipiga Jumamosi, akaona vitundu vipya, akapiga tena Jumamosi iliyofuata, na ikawa ndiyo ratiba.

Kila Jumamosi hiyo ilimaliza viumbe ambao mama hakujua kwamba wanamfanyia kazi. Chini ya majani ya biringani huishi mbawakawa wadogo weusi, buibui, na utitiri (viumbe wadogo mno wa jamaa ya kupe) wa aina ya kuwinda, ambao chakula chao ni utitiri mwingine unaofyonza mimea. Pairethroidi huwafagia wote hao. Utitiri mwekundu wenyewe, ambao wakulima wengi huuita spaidamaiti, haufi vizuri kwa dawa hii. Wataalamu wameliona jambo hili kwenye mazao mengi duniani. Zaidi ya hapo, dawa huuwasha, ukatawanyika, ukahamia majani ambayo pampu haikuyafikia. Huko hakuna wa kuula.

Desemba wakaja inzi weupe, na safari hii duka likatoa imidaklopridi. Hii mche huinywa, ikatembea ndani ya maji ya jani, na mdudu anayefyonza akaimeza. Inzi weupe walipungua, kwa hiyo mama aliona ameshinda. Lakini utitiri si mdudu. Una miguu minane, uko upande wa buibui na kupe, na imidaklopridi haiudhuru. Imewahi kuonekana kwenye mimea mbalimbali kwamba utitiri uliokula majani yenye dawa hii hutaga mayai mengi zaidi ya kawaida.

Majani yalipoanza kuwa na vidoa vya manjano, mama alidhani ni kuvu. Si kosa la mtu mjinga, kwa sababu ukisimama wima vidoa vile vinafanana kabisa na mwanzo wa ugonjwa. Akanunua mankozebu, ule unga wa manjano unaojulikana na kila mlima nyanya. Mankozebu hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za kuvu zisiote. Haitibu jani lililokwisha kuingiwa, na kwa utitiri unaofyonza haina la kufanya, ila kwa utitiri wa kuwinda ina madhara. Kwa hiyo wale walinzi wachache waliosalia baada ya Jumamosi zote zile wakapata pigo jingine.

Ya nne na ya mwisho ikawa ni busta. Kijana wa duka alipoambiwa majani yanakuwa manjano akasema mmea una njaa, akatoa mbolea ya maji ya kupuliza, na mama akaongeza urea shinani, ambayo ni asilimia 46 naitrojeni. Mmea uliojazwa naitrojeni hutoa majani laini yenye lishe nyingi, na utitiri hupenda majani hayo. Weka juu yake joto la kaskazi. Kwenye nyuzi 30 hivi utitiri huchukua kama juma moja tu kutoka yai hadi kuwa mzima, na jike moja hutaga mayai kwa makumi hadi yakapita mia. Vumbi la malori likilala juu ya majani ya mistari ya barabarani linawasumbua wawindaji kuliko wanaowindwa. Shamba zima lilikuwa limeandaliwa kwa ajili ya mgeni mmoja.

Kumtambua hakukuhitaji maabara. Niligeuza jani la katikati ya mche, si la juu, nikaona utando mwembamba umefunika pembe za mishipa. Nikaomba karatasi nyeupe, mtoto wake akachana ukurasa wa daftari, tukalikung'uta jani juu yake. Kilichoanguka kilikuwa vumbi jekundu-hudhurungi. Tukangoja kidogo, na sehemu ya vumbi lile ikaanza kutembea. Mama akaweka kidole, akabonyeza, ikabaki alama ya rangi ya kutu. Akageuza jani jingine, na jingine, bila kuambiwa. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 miguu minane inahesabika.

Kulikuwa na washukiwa wengine wawili ambao ilibidi kwanza waondolewe. Pampu ilikuwa ya kuazima kwa jirani anayepiga dawa ya magugu aina ya 2,4-D kwenye mahindi yake, na jamii ya nyanya na biringani haivumilii hata mabaki ya dawa hiyo kwenye bomba. Lakini 2,4-D hukunja majani machanga, ikayafanya membamba na kuyapotoa. Majani machanga hapa yalikuwa yamenyooka. (Hata hivyo pampu ya magugu na pampu ya wadudu zisichangiwe. Nimeona mashamba ya nyanya yaliyokufa kwa mtindo huo.) Mshukiwa wa pili alikuwa maji ya kisima, ambayo huku kwetu hutoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa na mara nyingine chumvi. Maji hayo huharibu dawa fulani: glaifosati hushikwa na kalisi ikapoteza nguvu, na dimethoati huvunjika upesi maji yakiwa na chokaa nyingi. Katika dawa nne za mama huyu, maji hayakuwa na uzito wa kutosha kueleza lililotokea.

Jambo lililonishughulisha zaidi kuliko utitiri lilijitokeza nilipouliza siku za kuchuma. Alikuwa akichuma Jumanne na Ijumaa. Akipiga dawa Jumamosi. Lebo ya lambda-sihalothrini iliyokuwa pale dukani ilitaka zipite siku 7 kati ya kupiga na kuchuma. Hesabu ni rahisi: Jumanne ni siku ya tatu, Ijumaa ni ya sita, Jumamosi pampu inarudi. Tangu Oktoba hakuna hata biringani moja lililotoka pale likiwa limetimiza siku zake. Nilipomchorea hesabu hiyo ardhini kwa kijiti alinyamaza, kisha akasema, "Na sisi wenyewe tunayala haya haya."

Hili si la kwake peke yake, na mtu asimnyooshee kidole. Mazao yanayochumwa mara mbili kwa juma, kama biringani, bamia, pilipili na tango, hayaendi kabisa na dawa ya kila juma yenye siku 7 za kungoja. Hakuna namna ya kuzipatanisha. Ama mkulima aache mchumo upite, ama achague dawa yenye siku chache, ama aligawe shamba mafungu, achume fungu kwanza ndipo alipige. Wanaosema "osha tu" wanajidanganya. Pairethroidi hujishika kwenye nta ya ganda, na maji hutoa sehemu yake tu. Kumenya hutoa zaidi. Imidaklopridi iko ndani ya nyama ya tunda, hata umenye haikwepeki. Na ile alama ya kijani chini ya lebo ya mankozebu, ambayo watu huisoma kama ruhusa, inazungumzia sumu ya papo kwa papo pekee. Haisemi lolote kuhusu kula kidogo kidogo kwa miaka. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha mankozebu mwezi wa Desemba 2020 kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi na homoni, na alama yake huku kwetu ilibaki kijani.

Sasa, kwa nini mama hakujua habari ya siku 7? Kwa sababu hakuwahi kuiona lebo. Alipimiwa. Chupa nzima ilikuwa ghali kuliko mapato ya juma lake, kwa hiyo kijana alikuwa akimimina dawa kwenye kichupa cha maji ya kunywa, akafunga, akasema, "Mama, weka vifuniko viwili kwa pampu." Vifuniko vya nini? Vya kichupa kile, ambacho mara hii ni kidogo na mara ijayo ni kikubwa. Jina la dawa lilibaki dukani, pamoja na rangi ya onyo, nambari ya kundi, siku za kungoja na maelezo ya huduma ya kwanza. Kilichofika Mwakirunge ni maji meupe yenye harufu, ndani ya chupa ambayo mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na nyingine. Sheria inayosimamia dawa hizi, Sura 346, ipo tangu 1982, na dawa kuuzwa bila lebo ni kinyume chake. Mimi nasema waziwazi kwamba katika makosa yote ya kisa hiki, hili la kupimia ndilo mama wa mengine, kwa sababu mkulima anayeweza kusoma amenyimwa cha kusoma. Yule kijana wa duka si mtu mbaya. Anauza kadogo kwa sababu mtaa mzima hununua kadogo, mafuta ya kupikia, sukari, na sasa sumu.

Kuna alama nyingine ya kupimia ambayo mama alikuwa nayo mwilini. Alikuwa akijifunga leso usoni na begani anapobeba pampu, na mfuniko wa pampu ulikuwa ukivuja. Leso ikalowa, ikakaa imegandamana na ngozi mpaka kazi iishe. Jioni uso ukawa unawaka na kuwasha, hasa akitokwa na jasho au akioga maji ya moto, na asubuhi hali ikawa imetulia. Yeye alidhani ni jua. Hiyo ni dalili inayojulikana ya pairethroidi kwenye ngozi. Kitambaa kilicholowa dawa ni kibaya kuliko kutokuwa na kitambaa, kwa sababu kinaishikilia palepale. Mpira wa mfuniko ulibadilishwa kabla ya kitu kingine chochote, na siku ya kupiga dawa sasa anavaa shati la mikono mirefu, glavu za mpira na koti la mvua lililokatwa mgongoni, kazi ikifanywa jua linapokuchwa, kwa maana hakuna atakayevumilia koti la mvua saa sita mchana Mombasa.

Kazi yenyewe ya kulirudisha shamba ilianza kwa kuacha. Lambda-sihalothrini ikaachwa, urea ikaachwa. Mistari ya barabarani iling'olewa yote; miche ilikunjwa kwenye magunia palepale badala ya kukokotwa katikati ya shamba, kwa kuwa utitiri husafiri kwa kila kinachougusa, hata nguo. Halafu ikapigwa abamektini jioni. Abamektini hupenya kutoka upande mmoja wa jani hadi wa pili, jambo linalofaa kwa utitiri unaokaa chini ya jani, lakini iliyobaki juu huharibiwa haraka na jua, na kwa nyuki ni sumu kali. Kiini chake ni kikali kwa mtu pia, ndiyo maana ilinunuliwa chupa yenye lebo na kupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nozeli ilielekezwa juu, kutokea chini ya mche. Hili la nozeli lilichukua muda kuzoeleka. Mkono umefundishwa kunyunyiza juu kama anayemwagilia bustani.

Abamektini haiyaui mayai vizuri, kwa hiyo ilihitajika dawa nyingine baada ya juma hivi, na isiwe ya kundi lilelile, yaani inayoua kwa njia ileile. Hapa wengi huteleza. Emamektini ni chupa tofauti, bei tofauti, lakini iko Kundi la 6 pamoja na abamektini; kutoka hii kwenda ile si kubadilisha, na utitiri una sifa ya kuzoea sumu haraka. Salfa ingefaa, ila kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32 huyaunguza majani, na ilikuwa bado kaskazi. Tukaenda kwenye mwarobaini, ambao Mombasa hauna haja ya kutafutwa. Kokwa zake zina nguvu kuliko majani. Zilitwangwa, zikalowekwa usiku, zikachujwa kwa kitambaa, zikatiwa sabuni kidogo, na kupigwa jioni mara kadhaa. Si dawa ya ajabu. Hufanya kazi pale tu inapogusa, na inahitaji subira.

Mnavu wa uani ndio ulioleta mabishano. Ni mboga ya nyumbani kwake, na pia ni makao ya utitiri wa jamii hii, hasa ule uliokuja Afrika kutoka Amerika Kusini unaopenda nyanya na mnavu kuliko mimea mingine. Mnavu ulikuwa upande wa kaskazini-mashariki wa shamba, yaani upepo wa kaskazi ulikuwa ukiutoa utitiri huko na kuuleta moja kwa moja kwenye mabiringani. Mama alikataa kuung'oa kabisa, na sikuona sababu ya kumlazimisha. Ulipandwa upya upande wa pili. Kusi ikianza, upepo ukigeuka, itabidi wazo hilo lifikiriwe tena.

Michumo iliyoangukia ndani ya siku za kungoja ilifukiwa. Hiyo ilikuwa hasara halisi, na hakuna aliyemfidia.

Februari majani mapya yalitoka na kubaki ya kijani. Kwenye karatasi, vumbi lililotembea likapungua sana, na mwezi uliofuata tukaona mbawakawa wadogo weusi wamerudi chini ya majani. Nyuki weusi wakubwa, wale wanaotoboa mbao, wakaonekana asubuhi kwenye maua. Biringani hushika vizuri zaidi nyuki wa aina hiyo wakilitikisa ua, na siku zote za Jumamosi zile sikuwaona. Halafu masika ikaingia, mvua ikayapiga majani na kuusomba utitiri uliosalia. Sitaki kuipa abamektini au mwarobaini sifa ambayo ni ya mvua. Shamba lilikuwa limeanza kupona kabla, ila lililolimaliza tatizo ni masika.

Kuhusu kupimia, yeye na majirani wawili sasa hununua chupa moja pamoja, ikakaa na lebo yake kwenye sanduku lenye kufuli, na kila anayechukua huandika tarehe, kipimo na siku ya kuruhusiwa kuchuma. Daftari ni lile lililochanwa ukurasa.

Funza bado yupo. Kila juma mama hupita na kisu, hukata vichomozo vilivyonyauka na kuvifukia, na mayai yanapokaribia kuanguliwa hupiga Bt, bakteria ambaye huua funza na kuwaacha wawindaji wa utitiri salama. Vitundu vimepungua lakini havijaisha, na dalali wa Kongowea hukataa tunda lenye kitundu bila kuuliza lilipigwa nini au lini. Shinikizo la kurudia pampu ya Jumamosi linatoka kwake zaidi kuliko kwa mdudu. Kwa sasa mama hutenga mafungu mawili: mazima yanakwenda kwa dalali, na yenye vitundu huyauza kwa bei ya chini kwa wauza bajia wa hapo Kisauni, ambao huyakata vipande, wakatupa sehemu iliyotobolewa na kukaanga iliyobaki.